Barua kwa Mhariri: Msiwasomee watoto majina yao kwa ajili ya hela

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wako wa barua. Mi ni mzee wa miaka 72, mzaliwa wa Majengo hapa Mombasa, na tangu ujana kazi yangu ni kuandika, hadithi za watoto na michezo ya redio. Siku hizi nasikia sana wazee wenzangu wakisema umaskini ndio uliotujenga, watoto wa sasa wamedekezwa, waache wapate taabu kidogo wakomae. Mi hilo nalikataa kabisa na ntasema kwa nini.

Babangu alikuwa kibarua bandarini Kilindini, leo anachukuliwa kesho anarudishwa getini, kwa hivyo mwenye kutulisha hasa alikuwa mamangu na mbaazi zake. Alikuwa akiziroweka usiku, alfajiri huku bado giza anakaa kwa mbuzi anakuna nazi, koroboi iko chini karibu na mguu wake, ule moshi unapanda mpaka kwenye makuti. Nazi alikuwa akizifuata Kisauni kwa miguu kwa sababu kule ni rahisi, anarudi nazo kichwani juu ya lile daraja la zamani la Nyali, lile la kuelea, kabla ya hili jipya la 1980, na mi nimeshika leso yake kwa nyuma manake daraja lilikuwa likitikisika gari ikipita. Hata sasa nikikaa kuandika usiku stima ikapotea, ile harufu ya mafuta ya taa hunijia puani na kwangu hakuna koroboi miaka na miaka. Kalamu naiweka chini, usiku huo siandiki tena.

Lakini sio njaa inayonirudisha nyuma, njaa nimeisahau. Ni siku moja ya 1962, nina miaka tisa, mwalimu amesimama mbele ya mstari asubuhi anasoma majina ya wasiolipa karo, jina langu la tatu, tukaambiwa tutoke tusirudi bila pesa. Tukatoka watoto kama sita hivi na tukapita kona ambayo mamangu alikuwa ameketi na sufuria yake ya mbaazi na sinia ya mahamri, kijana mmoja wa darasa letu akaniuliza yule si mamako, nikasema la, yule ni jirani tu. Mama alisikia. Najua alisikia kwa sababu mkono uliokuwa unateka mbaazi ulisimama hivi juu ya bakuli la mteja, alafu ukaendelea. Jioni akanipa hamri mbili badala ya moja na hakusema kitu, mpaka anakufa hakusema, na mi sikumuomba msamaha, nilikuwa nangoja sijui nini.

Sasa mtu aniambie hapo nilijengwa nini? Kama kuna kitu kilichonijenga ni yule mama na zile alfajiri zake, lakini huo umaskini ulinifundisha kumkana mzazi wangu nikiwa na miaka tisa. Hadithi zangu zote ukizichunguza kuna mama ameketi kona mahali, hata pale nilipokuwa sitaki awepo.

Najua mtaniambia mambo yamebadilika. Ni kweli, 1974 karo iliondolewa darasa la kwanza mpaka la nne, ingawa baadaye zikaingia hela za jengo na wazazi wakabaki palepale, alafu 2003 tukaambiwa elimu ya msingi ni bure na mi nilifurahi siku ile nikalia. Lakini wiki iliyopita nimekaa barazani kwangu saa nne asubuhi nikamuona mtoto wa jirani, msichana wa darasa la tano, anatembea polepole na begi mgongoni. Nikamuuliza mbona mapema, akasema wamesomwa majina, hela ya chakula na ya tuisheni.

Shule siitaji jina, sitaki ugomvi, na najua walimu wakuu nao wanabanwa, pesa za serikali huchelewa na jiko linataka kuni. Ombi langu ni moja tu, mkitaka hela mpigieni mzazi simu, au andikeni karatasi mumpe mtoto ndani ya bahasha, jina lake lisitajwe mbele ya wenzake. Simu ya shilingi kadhaa haishindi shule.

Yule mtoto nilimwambia nenda nyumbani mwanangu ukapumzike, akakataa. Akasema mamake anauza viazi pale steji na akimuona mchana atajua amefukuzwa, hataki ajue manake jana usiku alikuwa anahesabu chenji na hazikufika. Basi akakaa pale kwangu mpaka saa tisa na nusu, wakati wenzake wanatoka, ndio akavaa begi lake akaenda.

Mzee wa Majengo,
Mombasa.