Gallaher hakuwa winga, wala hakwenda vitani kulipiza kisasi

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa ukurasa wenu wa michezo kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya Jumapili kuhusu Dave Gallaher, nahodha wa All Blacks, timu ya raga ya New Zealand, wa 1905, imenishinda kuinyamazia.

Mmesema alikwenda kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia kulipiza kisasi cha mdogo wake. Angalieni tarehe. Gallaher alijiandikisha Mei 1916. Mdogo wake Douglas, aliyekuwa katika jeshi la Australia, aliuawa Laventie, Ufaransa, tarehe 3 Juni. Mtu halipizi kisasi cha kifo ambacho bado hakijatokea. Isitoshe, sheria ya kulazimisha watu kwenda jeshini ilipitishwa New Zealand Agosti mwaka huohuo, naye alikuwa na umri wa miaka 42, mke na binti mdogo. Alikwenda kwa hiari yake, na ndilo jambo kubwa mlilolifukia chini ya hadithi tamu. Juzi nimesikia mtangazaji wa mechi ya shule akiisoma aya yenu hiyo neno kwa neno kwenye kipaza sauti, na vijana wakaipigia makofi.

Umri wake alipokufa nao mmeukosea. Jiwe la kaburi lake, katika makaburi ya Nine Elms, Poperinge, Ubelgiji, limeandikwa 41, na kumbukumbu zake za jeshi nazo si za kutegemea, kwani alijipunguzia miaka mitatu alipojiandikisha kwa vita vya Makaburu vya Afrika Kusini mwaka 1901. Alizaliwa Ramelton, Ireland, tarehe 30 Oktoba 1873. Alipokufa tarehe 4 Oktoba 1917, baada ya kipande cha kombora kutoboa kofia yake ya chuma na kumjeruhi kichwani, alikuwa na miaka 43, zimebaki siku 26 atimize 44.

Lakini linaloniumiza zaidi ni neno "winga" mlilomwita. Winga hukaa pembeni kabisa akingoja pasi ili akimbie. Gallaher alikuwa mtu wa mbele asiyeingia kwenye skramu, yaani lile kundi la wachezaji wa mbele wa pande mbili wanaoshikana na kusukumana kugombea mpira. New Zealand walisukuma kwa watu saba, wawili mbele, watatu katikati, wawili nyuma, huku wenzao wa Uingereza wakisukuma kwa wanane. Vichwa viwili vya mbele vilijipenyeza kama kabari katikati ya vitatu vya wapinzani. Yeye, wa nane, aliutumbukiza mpira, kisha akabaki palepale ubavuni mwa skramu. Mpira ukatoka nyuma upesi, hafu wake, mchezaji anayeupokea mpira nyuma ya skramu, akauokota, na hafu wa upande wa pili akitaka kumfikia akakuta mwili wa Gallaher njiani. Waingereza walimzomea ziara nzima wakisema anazuia watu kinyume cha sheria. Ugomvi huo ndio uliomfanya ajulikane, na ukimwita winga umeufuta wote. Ninyi mmetumia nusu ukurasa kwa trai, yaani alama za kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, iliyokataliwa Cardiff, siku waliyofungwa 3-0 na Wales, mechi pekee waliyopoteza kati ya 35. Kwa nafasi yake uwanjani, hata sentensi moja hamkuipata.

Naomba masahihisho ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, yakiwa na tarehe tatu: 30 Oktoba 1873, Mei 1916, 3 Juni 1916. Na mchoro mdogo wa skramu ya watu saba, na mtu mmoja amesimama nje yake.

Msomaji wenu, Nairobi