Kihamba, Kahawa na Bitcoin: Barua kwa Vijana wa Kikundi Chetu

Wanangu na wajukuu zangu,

Salaam kwenu nyote, mlioko Dar, mlioko Arusha, na ninyi mliobaki huku Marangu kutunza migomba. Mkutano uliopita mlileta hoja kwamba hatifungani yetu, yaani ile fedha tuliyoikopesha serikali kwa riba, iuzwe, na fedha yote iingizwe kwenye Bitcoin, sarafu ya mtandaoni, ikae huko miaka kumi. Nilinyamaza. Wengine mkadhani nimekubali, wengine mkadhani nimesinzia. Nilikuwa napiga hesabu, na hesabu za mzee zina mwendo wake.

Kwanza niwape haki yenu. Hoja kwamba shilingi inaliwa na mchwa si ya kitoto. Mwaka 1985 dola moja benki ilikuwa shilingi 17 hivi. Leo inapita 2,400. Waliostaafu miaka ile wakaficha noti kwenye godoro wamefilisika bila kuibiwa hata senti. Kwa hiyo mnaposema mnataka kitu ambacho hakuna serikali inayoweza kukichapa, nawaelewa. Bitcoin hazitazidi milioni 21, na kila baada ya miaka minne hivi malipo ya wachimbaji, wale ambao kompyuta zao huhakiki miamala na kulipwa Bitcoin mpya, hukatwa nusu. Aprili 2024 yalitoka Bitcoin 6.25 hadi 3.125 kwa kila fungu la miamala. Nimeyasoma hayo yote, msinifanye wa kale.

Lakini mie nimekulia kwenye kahawa.

Julai 1975 baridi ya jalidi iliunguza mibuni kule Paraná, Brazil. Bei ya dunia ikapaa, na kufika 1977 huku kwetu watu walikuwa wanaezeka bati hadi mabanda ya mbuzi. Baba yangu alikuwa mtu wa tahadhari, ndiyo maana aliamini mwisho kabisa, bei ikiwa imeshafika juu. Akang'oa migomba nusu ya kihamba, shamba letu la nyumbani, akapanda mibuni. Sasa mbuni hauzai kesho: ni miaka mitatu, minne. Yake ilipoanza kuzaa bei ilishaporomoka, na mama yangu akawa anakwenda sokoni kununua ndizi. Mama wa Kichaga, ananunua ndizi! Alikuwa anapita njia ya nyuma, mtoni, na mimi nyuma yake nimejitwika kikapu, kimefunikwa kanga ili majirani wasione.

Kahawa haikuwa na kosa. Babu yenu mkuu alikuwa nayo pia, ila ilikaa chini ya migomba, mringaringa ukitoa kivuli, magimbi kando ya mfereji, ng'ombe bandani. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika 1989 na bei ikaanguka tena, walioumia sana ni wale ambao kihamba chao kilikuwa kahawa tupu.

Turudi kwenye Bitcoin yenu. Desemba 2017 ilikaribia dola 20,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa elfu tatu na kitu. Novemba 2021 ikafika 69,000. Novemba iliyofuata ikawa chini ya 16,000. Maana yake milioni 10 iliyoingia kileleni ilibaki kama milioni 2 na laki 3. Mtaniambia ilirudi, na kweli ilirudi, Oktoba 2025 ikapita 120,000. Mwezi uliofuata ikashuka tena chini ya 90,000. Aliyevumilia alicheka, sikatai.

Je, kikundi kinaweza kuvumilia? Mtu mmoja anaweza kuuma meno miaka mitatu. Kikundi kina wanachama 31, na katiba yetu inampa kila mmoja haki ya kujitoa na kuchukua hisa zake. Bei ikianguka robo tatu, Januari ikaja na ada za shule, mmoja akafiwa, mwingine akataka kuoa, nani atawazuia? Tutauza shimoni ili kuwalipa wanaotoka, na watakaobaki ndio watakaobeba hasara. Ninyi mnasema miaka kumi, lakini fedha ya kikundi ina tarehe nyingi ndani yake, na hatuzijui.

Halafu kuna hili ambalo vijana hamlipendi. Hatifungani yetu ya miaka 20 tuliinunua 2021 kwa kuponi, yaani riba ya mwaka, ya asilimia 15.49. Kwa kila milioni 10, kila miezi sita inaingia 774,500, mvua inyeshe isinyeshe. Mwaka 2022 kuponi ya namna hiyo ilishushwa hadi 12.10, kwa hiyo mkiuza ile hamna uhakika wa kupata tena nyingine kama hiyo. Bitcoin haizai kitu. Mbuni, hata bei ikiwa mbaya, utakupa debe la buni ulianike. Hapa mnangoja tu mtu mwingine aje atoe zaidi ya mlichotoa.

Niliuliza pia nani atashika funguo. Mnajua sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko nyumba tatu, ili pasiwepo jasiri wa kulifungua peke yake usiku. Nikajibiwa, "Babu, yale maneno 12 ya siri yanayofungua pochi ya Bitcoin nimeyapiga picha, yako kwenye simu yangu." Simu yenyewe nikaiona: kioo kimepasuka kama utando wa buibui, na mtoto wa miaka minne anachezea humo gemu. Kule Newport, Wales, kuna mtu ambaye diski yake ilitupwa jalalani mwaka 2013 ikiwa na funguo za Bitcoin kama 8,000. Na kuwaachia wenye masoko ya mtandaoni ya sarafu hizi wawatunzie ni kumpa jirani sanduku pamoja na funguo zote: waulizeni waliokuwa na fedha kwenye masoko yaliyofilisika, Mt. Gox 2014, au FTX Novemba 2022. Zipo pochi zinazodai saini mbili kati ya tatu. Mngeniletea hiyo, tungeanza kuongea.

Sheria nitaipitia haraka. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia akaitaka ianze kujiandaa nazo. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3. Kodi imefika kabla ya kinga, wala sishangai. Bodi ya Bima ya Amana, inayolinda akiba zenu za benki, huku haiko.

Basi msimamo wangu ni huu. Fedha ya kikundi, hapana, na nitapiga kura hivyo hata nikibaki peke yangu. Fedha yako mwenyewe ni jambo jingine. Ukishakuwa na akiba ya miezi sita, ukawa na vipande vyako kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT au hisa chache pale DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam, weka 2 katika kila 100, ukizidi sana 3. Nunua kidogo kidogo kila mwezi. Bitcoin yenyewe, si hizi zenye majina ya mbwa. BlackRock, kampuni kubwa ya uwekezaji ya Marekani, ambao mfuko wa Bitcoin wanauuza wao wenyewe, Desemba 2024 walitaja kiwango kisichozidi asilimia 2. Kama muuza pombe anakwambia gilasi moja, msikilize. Zikifa, umepoteza 2. Zikipanda mara kumi, zile 2 zimekuwa 20: uza kiasi, rudisha kwenye hatifungani, na mniite tule mbuzi. Anayewaahidi faida ya kila siku, huyo anaendesha upatu wa kitapeli, mfungieni mlango.

Mkutano ni Jumapili saa nane. Nitakuja na daftari. Na mwenye ufunguo wa tatu asiusahau safari hii, mara iliyopita tulikaa saa nzima tunalitazama sanduku.

Wenu,
Babu, mhasibu mstaafu wa chama cha msingi