Wapenzi wa maktaba waitwe Februari, si Juni

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kuwaandikia. Ripoti yenu ya wiki jana, ile ya vijana wapenzi wa maktaba waliopeleka maombi yao na kupokewa na wawakilishi wadi kwenye bunge la kaunti, imenikera hadi nikashindwa kunyamaza. Mlitueleza nani alizungumza na picha ilipigwa wapi. Hamkusema lolote kuhusu tarehe. Mkutano ulifanyika katikati ya Juni.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 iko wazi. Mpango wa mkakati wa fedha wa kaunti, unaoonyesha vipaumbele vya matumizi ya mwaka ujao, hufikishwa bungeni kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni. Anayepokewa katikati ya Juni hukuta pesa zimeshagawanywa. Vijana wale walijilipia nauli, wakaja na maombi yao wameyapiga chapa vizuri, wakayasoma mbele ya watu waliokwisha kufunga hesabu. Na waliokuwa wakiwapa mikono walilijua hilo.

Nayasema haya kwa kuwa yamenipata. Mwaka juzi, mvua za Aprili zilipoanza, nilimpeleka mjukuu wangu wa gredi ya sita kwenye maktaba ya mji wetu akatafute habari za kasa. Tulimkuta mkutubi peke yake anahangaika kufunika rafu kwa karatasi za nailoni. Maji yalikuwa yanapita kwenye tundu la msumari, tone baada ya tone, juu ya ensaiklopidia. Aliponiona alisema, "Mwalimu, nishikie hapa," nikashika, na mtoto akashika ndoo. Ndoo yenyewe aliinunua kwa pesa zake. Kitabu cha kasa tulikipata, ila kurasa zilikuwa zimegandana kama chapati zilizolala; mtoto alipojaribu kuzibandua, picha ikachanika katikati, naye akaniangalia kana kwamba amekosa. Siku ya pili nilikwenda kwa mwakilishi wetu. Nikaambiwa, "Mwalimu, umechelewa, makadirio yako kwenye kamati." Mwaka uliofuata nikawahi, nikaenda Oktoba. Nikaambiwa, "Mwalimu, bado mapema, rudi mwakani." Nimefundisha miaka thelathini na moja. Mtoto akiniambia leo amechelewa na kesho amewahi mno, najua hakufanya kazi yake. Hawa ni watu wazima, tumewapa kura, wanalipwa kila mwezi, na tundu lile la msumari lipo mpaka leo.

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na za kaunti, liliwapa watu wa kaunti maktaba. Limeziweka kwenye kifungu kimoja na kamari, leseni za pombe na sinema. Hapa kwetu duka la kamari limetazamana na maktaba. Taa zake zinawaka hadi usiku wa manane na limejaa vijana niliowafundisha kusoma. Maktaba hufungwa saa kumi na moja, kabla wanaofanya vibarua hawajatoka kazini.

Na nikiwa bado na kalamu mkononi: rafu ya Kiswahili. Karibu yote ni vitabu vya kudurusu mitihani. Riwaya ni chache, na ushairi wa Pwani, mali iliyotungwa hapa hapa petu, niliupata katika kijitabu kimoja kisicho na jalada. Wazee wetu Nairobi walikatazwa kuingia Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu. Leo hakuna anayetuzuia mlangoni, lakini tukiingia hatukuti chetu.

Naomba jambo moja. Katiba inalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma katika kazi zake. Basi kamati ya bajeti ije ifanye kikao chake kimoja ndani ya maktaba ya mji wetu, wiki ya kwanza ya Februari, siku ya Alhamisi, saa nane mchana, wanafunzi wakiwa wameanza kuingia. Maktaba iandikwe kwa jina lake kwenye makadirio, na kiasi chake, isifichwe ndani ya "utamaduni, vijana na michezo." Wapenzi wa maktaba waalikwe siku hiyo hiyo, nauli zao zilipwe. Nanyi mtume mwandishi. Viti viko, nimevihesabu, ni arubaini na viwili.

Mwalimu mstaafu,
Pwani