Kufuli la WhatsApp na kompyuta ya stesheneri

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nilipoanza ualimu, na sijawahi kukuandikia. Ile habari yenu kwamba ujumbe wa WhatsApp umesimbwa, yaani umefungwa kwa kufuli la siri, hakuna wa kuusoma, imenikera mpaka nimeshika kalamu.

Mliyosema ni kweli, ila ni nusu. Tangu Aprili 2016 ujumbe unafungwa humuhumu simuni mwangu, na ufunguo wa kuufungua anao ninayemwandikia tu. Njiani hata WhatsApp wenyewe hawausomi. Lakini kufuli hilo ni la njiani. Ukishafika kwenye kioo, ujumbe uko wazi. Na kompyuta ukiiunganisha na simu yako, nayo inapewa funguo zake, inasoma kama wewe.

Mwezi uliopita nilikwenda stesheneri hapa Mtwara kuchapisha hati ya kiwanja changu cha Mikindani, ninachokiuza. Kijana akaniambia, "Mama, skani hapo, fasta." Nikaskani kwa WhatsApp ya simu yangu ile alama ya miraba kwenye kioo cha kompyuta yake, simu ikaungana nayo, nikachukua kurasa zangu tatu, nikalipa, nikaondoka. Jioni yake nikamwandikia dada yangu wa Masasi kwamba nitataja milioni sita, ila nikibanwa sana nitashuka hadi nne na laki mbili. Mnunuzi akaja, hata hajakaa vizuri barazani, akasema: nne na laki mbili. Namtajia sita, anarudia ileile. Hata hizo laki mbili anazijua! Nikamvaa dada yangu wa watu, nikamwita msaliti, siku tisa hatusemezani, kumbe hana kosa lolote. Mpwa wangu ndiye aliyefungua kwenye WhatsApp yangu sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta ya watu imo, na imetumika jana usiku.

Na hizo stesheneri zenyewe! Vyeti vya watoto wetu, vitambulisho vya taifa, mikataba ya mashamba ya mikorosho, vyote vimejaa kwenye kompyuta. Ukisubiri zamu yako unasoma majina ya majirani. Nani anavifuta?

Mkiandika tena, mwambieni msomaji afungue orodha ile ya vifaa leo hii, na asichokitambua akiondoe. Na kila stesheneri ibandike karatasi juu ya kioo cha kompyuta, wino mwekundu, herufi kubwa: TENGANISHA SIMU YAKO NA KOMPYUTA HII KABLA HUJALIPA. Mwenye duka asipokee hela mpaka ameonyeshwa kwamba kompyuta yake haimo tena. Karatasi ya kwanza nimeiandika mwenyewe na kuipeleka pale pale asubuhi hii.

Mwalimu mstaafu,
Shangani, Mtwara