Jumamosi tunaangalia Fallen Leaves

Wapendwa, habari za leo. Jumamosi saa kumi jioni, ukumbi uleule, tunahamia Ufini. Filamu ni Fallen Leaves ya mwongozaji Aki Kaurismäki, iliyopata Tuzo ya Majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2023. Ina dakika 81 tu, kwa hiyo wale wa "filamu za Ulaya ni ndefu mno" hamna kisingizio.

Ansa anafanya kazi supamaketi jijini Helsinki, anafukuzwa kwa kubeba chakula kilichopitwa na tarehe. Holappa ni mfanyakazi wa karakana, na pombe haimwachi. Hakuna mabomu wala magari kufukuzana. Vita vipo, ila redioni: Ansa akiwasha tu, ni habari za Ukraine.

Tulieni kwenye tukio la chakula cha jioni. Ansa amemwalika Holappa, lakini vyombo vyake ni vya mtu mmoja, basi inabidi akanunue sahani, kisu na uma. Hakuna anayelia. Kwa sahani hiyo moja unajua ameishi vipi miaka yote, na ndiyo sababu nampenda Kaurismäki kuliko waongozaji wanaotueleza kila kitu.

Waigizaji wanaongea kama wanalipia kila neno. Msikate tamaa mapema, ucheshi umo humohumo.

Lugha ni Kifini, tafsiri ya Kiingereza iko chini ya skrini. Wenye miwani njooni nayo. Asiyekuja aniambie kabla ya Ijumaa, viti ni vya kuazima.