Seva tatu zinajenga programu moja: nani anagawa kazi?

Ofisi nyingi za programu hapa Dar huanza na laptopu ya mtu mmoja. Yeye ndiye anayejenga toleo, yaani anayegeuza msimbo kuwa programu ya kusakinishwa, yeye ndiye anayelituma kwa mteja, na akienda likizo Moshi, mteja naye asubiri arudi. Biashara ikikua inanunuliwa seva. Kisha ya pili, maana ya kwanza imezidiwa. Kisha ya tatu, ambayo hakuna anayekumbuka vizuri ilinunuliwa ya nini.

Hapo ndipo sisi, tunaopanga seva za kujengea programu, tunapoanza kupigiwa simu. Kila seva ina ratiba yake, kila moja inavuta msimbo kutoka Git, mfumo unaotunza msimbo na mabadiliko yake, usiku na kuanza kujenga, kama makonda wa Mwenge wanaomgombea abiria mmoja. Hii ina Java 11, ile ina Java 17. Zote zinaandika kwenye folda ileile, na inayochelewa kumaliza inafuta kazi ya mwenzake. Asubuhi mteja anasakinisha toleo jipya, anakuta hitilafu iliyorekebishwa wiki iliyopita imerudi. Ukiwauliza madevelopa, kila mmoja anaapa kwamba kwake inafanya kazi, na wala hadanganyi.

Seva ya nne haitatibu hilo. Inatakiwa seva moja yenye mamlaka ya kugawa kazi, na nyingine zikubali kuwa vibarua. Sisi mara nyingi tunafunga Jenkins, programu ya kugawa na kusimamia kazi za ujenzi, ambayo ni ya bure. Wakongwe wanaijua kwa jina la Hudson: aliianzisha Kohsuke Kawaguchi akiwa Sun Microsystems, na jina likabadilika 2011 baada ya mvutano na Oracle, iliyokuwa imeinunua Sun. Seva kuu inashika foleni, inajua kibarua gani yuko huru na inatunza matokeo. Yenyewe haijengi chochote. Nafasi zake za ujenzi tunaziweka sifuri. Kazi moja mbovu ikijaza diski ya seva kuu, foleni nzima imesimama, na msimbo unaoendeshwa humo una njia ya kufikia nywila zote.

Vibarua tunawapa lebo. Kazi ya Android inakwenda kwa mwenye zana za Android. Ya iPhone lazima iende kwenye Mac, kwa kuwa Xcode, zana ya Apple ya kujengea programu hizo, haifungwi kwingine, na Mac mini moja iliyokaa kabatini inatosha kabisa kuwa kibarua. Usimbebeshe kibarua kazi nane kwa pamoja eti kwa sababu prosesa yake ina kori nane: Gradle, zana inayojenga programu za Android, hula RAM kwanza, na mashine inaganda kabla kori hazijachoka.

Sharti letu moja hatulilegezi. Toleo linajengwa mara moja tu, na faili lililopita majaribio ndilo hilohilo linalokwenda kwa mteja, likiwa na alama yake ya SHA-256, inayobadilika faili likiguswa, na namba ya komiti lilikotoka, yaani hatua ya msimbo iliyohifadhiwa kwenye Git. Kulijenga upya kwa ajili ya mteja ni kumpelekea kitu ambacho hakuna aliyekijaribu.

Kuna mambo ya hapa kwetu ambayo miongozo ya ughaibuni haiyagusi sana. Umeme ukikatika, kibarua mwenye betri mbovu ya bodi anawaka na saa ya miaka ya nyuma, vyeti vya usalama vinakataliwa, na mtu anapoteza nusu siku akilaumu mtandao. Kwa hiyo NTP, inayosahihisha saa kupitia mtandao, ni lazima. Kazi iliyokatikia njiani inaanza upya kwenye folda safi. Na Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, ofisi iliyozoea kupakua maktaba zote (vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine) kutoka nje kila inapojenga ilibaki kutazama skrini. Tunaweka ghala la maktaba ofisini kwenu, kwa kawaida Nexus, ili ujenzi wa kila siku usitegemee kebo iliyo chini ya bahari.

Kama mko wawili na mna bidhaa moja, msitulipe. Seva moja yenye ratiba nzuri inawatosha. Walio na zaidi ya hapo, kabla hatujafika andaeni orodha ya mashine zote, pamoja na ile iliyo chini ya meza ya mhasibu, na jibu la swali hili: toleo analotumia mteja wenu leo lilijengwa kwenye seva gani, kwa komiti ipi?