Jaribuni mbegu kabla baridi haijaisha

Mhariri,

Majira ya baridi yanaelekea ukingoni, nasi wenye bustani za nyumbani tunahesabu wiki. Pilipili hoho nimeshazisia ndani, wiki 8 kabla ya jalidi (umande unaoganda kwa baridi) ya mwisho. Nyanya zitafuata baada ya wiki 2. Nje, vitunguu saumu nilivyopanda kabla ya baridi vinachipua, na vinanifurahisha mno.

Nawasihi wenzangu wajaribu mbegu kwanza. Mwaka jana niliamini mbegu za vitunguu maji zenye miaka 3, na trei nzima haikuota kitu. Iliniuma. Mbegu za vitunguu maji hupoteza uwezo wa kuota upesi kuliko za nyanya. Sasa nafunga mbegu 10 kwenye kitambaa chenye unyevu, mahali penye joto. Zikiota chini ya 5, natafuta nyingine.

Msomaji wenu